Paka wa ndani naye achanjwe, mafua yanaingilia mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua hapa wengi tunaandika habari za barabara, maji na bei ya mbolea, ila toleo lililopita kuna msomaji mwenzetu wa Iringa aliandika kwamba paka wake hatoki nje, ni wa ndani tu, kwahiyo kumchanja ni kutupa hela, afu akaongeza kwamba ana mpango wa kuchukua katoto ka paka kanakolala chini ya kibanda cha chips karibu na kwake ili yule mkubwa apate mwenzake. Nilipofika hapo nilishtuka, nikasema hii barua lazima niijibu, maana hayo maneno yalikuwa yangu mwaka jana, hivyohivyo alivyoyasema, na yalinipotezea paka niliyeishi naye miaka tisa.

Mimi nauza mchele hapa Mbeya, mchele wa Kyela, na mahindi kidogo msimu ukifika. Stoo iko nyumbani, chumba cha nyuma. Anayeijua hii biashara anajua panya walivyo, magunia yakikaa wiki mbili tu unakuta yametobolewa kwa chini na mchele umechanganyika na mavi yao, nani atanunua? Wengi wanaweka sumu. Mimi sumu kwenye chakula cha watu siweki, nilikuwa na paka, tulimwita Babu tangu mdogo kwa sababu ya ndevu zake nyeupe. Na sikumruhusu kutoka nje kwa sababu ya sumu hiyohiyo, majirani wanatega, paka akila panya aliyekula sumu na yeye anakwenda. Kwahiyo Babu alikuwa wa ndani kweli kweli: stoo, jikoni, sebuleni, basi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakisikia paka wa ndani wanafikiria mambo ya kizungu, paka wa kulalia kochi. Kuna maelfu ya paka huku kwetu wanafungiwa kwenye stoo na maghala wanafanya kazi na hawajawahi kukanyaga barabara, hao nao ni wa ndani.

Na mimi niliamini Babu kachanjwa. Hili ndo naomba tulielewe vizuri maana naona wengi tumelala hapohapo. Alichanjwa kichaa cha mbwa, mara mbili, ile ya kila Septemba wanapotangaza kwa spika kuelekea siku ya kichaa cha mbwa duniani tarehe 28, nilimpeleka ndani ya mfuko wa salfeti nimeutoboa matundu ya hewa, foleni nzima ni mbwa na mimi na paka wangu. Nikapewa kadi. Kila mtu akiniuliza nasema paka wangu ana chanjo, nina kadi. Kumbe kichaa ni kitu kingine kabisa na mafua ya paka ni kitu kingine, sindano ya kichaa haimkingi paka na mafua hata kidogo. Kichaa lazima achanjwe, sina ubishi, kile kinaua na watu, ila kadi ya kichaa siyo kadi ya kila kitu.

Sasa ilikuwa Julai, ile baridi yetu mnaijua, saa kumi na mbili asubuhi Mwanjelwa watu wote wamejifunika mablanketi ya kimasai wanauza wamejikunyata. Nikamkuta paka mdogo wa miezi mitatu hivi amejibana katikati ya marobota ya mitumba, anatetemeka, jicho moja lina machozi. Yule kijana wa mitumba akaniambia mama mchukue huyo atakufa hapa. Nikamchukua. Nikamwita Sido kwa sababu ya soko la Sido palepale Mwanjelwa. Nilimfunga ndani ya kitenge nikampeleka nyumbani moja kwa moja, nikamwekea maziwa kwenye bakuli la Babu, jioni ile wakalala wote juu ya gunia karibu na jiko la mkaa, Babu anamlamba kichwa. Nilipiga na picha. Ile picha ninayo mpaka leo, na kila nikiiangalia naona ulimi wa Babu uko palepale kwenye lile jicho lenye machozi.

Siku ya sita Sido akaanza chafya na kamasi. Siku ya tisa Babu naye. Mwanzoni unasema ni baridi, hata sisi wenyewe tulikuwa na mafua. Lakini Sido baada ya wiki alikuwa anacheza na Babu alikuwa anazidi. Asubuhi namkuta macho yameganda kwa matongotongo mpaka nalainisha na pamba na maji ya vuguvugu ndo yafunguke, udenda unamtoka mpaka kifua kimelowa, nikamfungua mdomo nikaona ulimi una vidonda, kama mtu aliyeunguzwa na chai, upande mmoja ngozi imetoka kabisa. Akija kwenye bakuli anainamia chakula, anasimama pale, afu anaondoka. Nikadhani anaringa. Bwana mifugo alikuja kunieleza baadaye kwamba paka asiposikia harufu huwa hali chakula, pua ikiziba na ulimi ukiwa na vidonda anashinda njaa siyo kwa kuringa, na paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta yanavamia ini na hapo ni ugonjwa mwingine juu ya ugonjwa.

Jirani yangu akanishauri kwa moyo mzuri kabisa nimpe robo ya Panadol, nilikuwa nimeshaivunja iko kwenye kijiko, nikampigia bwana mifugo kumuuliza tu kama robo inatosha. Alinifokea kwenye simu. Msomaji naomba hili ulishike hata kama mengine yote utayaacha: Panadol kwa paka ni sumu, ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, anakufa. Robo, nusu, ya maji ya watoto, yote ni sumu. Na zile dawa za matone ya macho za binadamu mlizobakiza kabatini msimtie pia, zikiwa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) na tatizo lake ni hepesi, kirusi cha mafua ya paka nitakachokieleza hapo chini, zinaweza kuliharibu jicho kabisa.

Tulihangaika. Nilikuwa nachemsha usipa mbichi, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, bila kitunguu, namsagia, napasha moto kidogo ili harufu ipande, namlisha kwa bomba la sindano pembeni ya mdomo. Nilimfungia bafuni na ndoo ya maji ya moto apate mvuke. Alichomwa antibayotiki, siyo kwamba inaua virusi, haiui, ni kwa ajili ya bakteria wanaoingia baada ya virusi kufungua mlango. Ilikuwa imeshashuka kwenye mapafu. Siku ya tisa ya ugonjwa wake, alfajiri, alikuwa anapumua kwa mdomo, tumbo linaingia na kutoka, na mkono wangu uko mgongoni kwake nasikia kila pumzi inavyokwaruza ndani. Alikufa kabla sijafungua stoo. Siku hiyo sikuuza.

Ndo nikaanza kuuliza. Nikamsumbua yule bwana mifugo mpaka akakaa chini akanieleza, na nimeendelea kujielimisha tangu hapo. Mafua ya paka kwa sehemu kubwa ni virusi wawili, mmoja anaitwa hepesi ya paka na mwingine kalisi, na siyo wapya, wanajulikana tangu miaka ya 1950. Hawa hawampati binadamu, wala mafua yetu ya kawaida siyo haya, kwahiyo mama mwenye watoto usitupe paka nje kwa hofu hiyo.

Hepesi ndo inanitisha. Unajua sisi watu mtu akipata homa anatokwa na malengelenge mdomoni, afu yanapona, afu mwaka mwingine akichoka au akiugua yanarudi palepale? Hii ya paka ni ya ukoo huohuo japo siyo yenyewe. Ikishaingia haitoki, inajificha kwenye mishipa ya fahamu ya kichwani, na paka wengi sana walioipata wanabaki nayo maisha yote. Ukimwona ni mzima, anang'aa, anacheza. Halafu akipata msukosuko, kuhama nyumba, kuzaa, kugombana na paka mgeni, inaamka, siku nne mpaka kumi na moja hivi baada ya msukosuko anaanza kumwaga virusi kwenye kamasi na machozi na anaweza kuendelea wiki moja mbili. Sasa niambie ni msukosuko gani mkubwa kwa paka wa sokoni kuzidi kubebwa ndani ya kitenge na kupelekwa nyumba asiyoijua yenye paka dume mkubwa? Yani kitendo chenyewe cha kumwonea huruma ndicho kinachoiamsha. Nilipohesabu siku za Sido nikakuta zinaingia sawasawa.

Kalisi yeye ndo mwenye vile vidonda vya ulimi, wengine wanachechemea na miguu siku mbili tatu. Paka aliyepona anaweza kuendelea kuitoa kwa wiki na miezi, wachache miaka. Na ni ngumu, hepesi ikianguka sakafuni pakavu haichukui hata siku imekufa lakini kalisi inakaa wiki nzima na zaidi, kwenye bakuli, kwenye tambara, kwenye kanga yako. Sanitaiza ya mkononi haiimalizi vizuri. Sabuni na maji mengi kwanza, halafu Jiki vijiko viwili vikubwa kwenye lita moja ya maji, uache pakauke kabla paka hajarudi.

Kwahiyo ndugu yangu wa Iringa, paka wako kutotoka nje kunamkinga na magari, mbwa na sumu. Mafua hayamsubiri nje, yanaletwa ndani na wewe mwenyewe mikononi. Na kuna homa nyingine ya tumbo ya paka, ile ya kutapika na kuharisha inayomaliza vitoto vyote kwa siku chache, virusi vyake vinaweza kukaa kwenye mazingira hata mwaka na vinapanda na kiatu. Kiatu chako kinatoka nje kila siku.

Hapa tujiulize kitu. Kwenye kuku mbona hatubishani? Kila mama hapa Mbeya, Rungwe, Njombe anajua kideri. Tunadondosha tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu minne, chanjo inatengenezwa hapahapa nchini Kibaha, hakuna anayesema kuku wangu wako bandani hawatoki niwachanje wa nini. Na hakuna mwenye akili anayenunua jogoo mnadani Desemba akamwachia bandani siku hiyohiyo, anajua mgeni mmoja anaweza kufyeka banda zima. Bibi yangu wa Tukuyu hakusoma lakini kuku mgeni alikuwa anamfunga kamba mguuni nyuma ya jiko mpaka amwone yuko sawa. Mimi mjukuu wake nilimbeba Sido nikamweka kwenye bakuli la Babu.

Chanjo yenyewe ni moja inayobeba magonjwa matatu, hepesi, kalisi na hiyo homa ya tumbo. Paka mkubwa ambaye hajawahi kuchanjwa anapigwa mara mbili, wiki tatu au nne katikati, anarudia mwaka unaofuata, na nyumba kama zetu zinazopokea paka wapya kila mara basi upande wa mafua urudiwe kila mwaka. Watoto wanaanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudia kila wiki tatu nne mpaka wafike wiki 16, na siyo kwamba daktari anatafuta hela, ni kwamba kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mama inaizima chanjo na huwezi kujua kwa huyu imeisha lini, ndo maana unarudia mpaka uwe na uhakika.

Najua atakayesema mbona paka wa fulani alichanjwa na bado akapata chafya. Ni kweli na sitaki kumdanganya mtu. Hii chanjo kwenye mafua haimzuii paka kuambukizwa, na kalisi ina aina nyingi haiwezi kuzishika zote, na aliyekwisha kubeba hepesi haiitoi. Inachofanya ni kupunguza makali. Babu angepiga chafya siku nne tano, angekula chakula kidogo kidogo, angekuwa hapa. Tofauti ya chafya na kaburi kwangu siyo ndogo.

Na usiseme basi mi nitamtenga tu yule mgeni wiki mbili inatosha. Mtenge, ni lazima, chumba chake, bakuli lake, tambara lake, wa zamani alishwe kwanza ndo uende kwa mgeni, unawe, ubadilishe kanga, na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia hakitoshi, chafya inaruka mita moja mpaka mbili. Lakini wiki mbili zinakuonyesha aliye mgonjwa sasa hivi, hazikuonyeshi yule anayebeba kimyakimya ambaye hepesi yake itaamka miezi mitano mbele huko umeshasahau. Kwa huyo kinga pekee ni yule wako wa ndani awe amechanjwa kabla.

Sasa nije kwa wenzetu wa maduka ya dawa za mifugo na maofisa mifugo. Baada ya Babu nilizunguka maduka manne mjini natafuta hii chanjo. Chanjo ya kuku ipo, ng'ombe ipo, mbwa ipo, ya paka jibu ni mama paka huwa hachanjwi hayo. Duka moja waliniambia ipo, nikaona kijana anaitoa kwenye mlango wa friji la soda, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Hizi chanjo zinataka nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, ikipata joto unachoma maji. Na duka lingine wakataka kugawa chupa moja kwa paka wawili kwa sababu Sido ni mdogo. Chanjo siyo dawa ya minyoo inayopimwa kwa kilo, chupa moja ni ya paka mmoja, mdogo au mkubwa, na ile ya unga ikishachanganywa na maji yake itumike palepale, haiwekwi ya kesho.

Mwishowe bwana mifugo wangu aliagiza Dar, zikaja na basi la usiku kwenye boksi la foam lenye barafu, tukazipokea stendi ya Nane Nane saa moja asubuhi barafu bado ngumu. Tulijichanga watu watano wenye paka mtaani, gharama ikawa haifiki hata bei ya debe mbili za mchele kwa kila mtu kwa sindano zote mbili. Watu watano tu! Watu wa Mbeya, Iringa, Makambako, jichangeni, mkiwa wengi muuzaji hawezi kusema haina wateja. Na nyie maofisa, kwenye ile siku ya kichaa ambapo watu wameshakuja na wanyama wao, mtu mmoja akisimama kwenye foleni akawaambia wenye paka kwamba hii siyo ya mafua, na ya mafua inaagizwa hivi, hiyo peke yake ingekuwa kazi kubwa. Mimi niliondoka na kadi yangu nikiwa na furaha, hakuna aliyeniambia.

Sido yupo. Amechanjwa zote. Baridi ikianza jicho lake lilelile linatoa machozi, najua ni nini, namfuta na pamba, namwacha apumzike, simbughudhi. Sijaleta paka mwingine na nikileta atakuta chumba chake kimeandaliwa.

Ndugu yangu wa Iringa, katoto ka kibanda cha chips kachukue, siyo nakukataza, na ukishakaleta kapelekwe naye kwa daktari. Ila huyo wako wa ndani atangulie, wiki hii, na baada ya wiki tatu nne arudie. Huo mwezi mmoja katoto kapelekee dagaa kila jioni hapohapo kibandani, na umwombe mwenye kibanda akuruhusu uweke boksi lenye kipande cha gunia ndani, uligeuzie upande usiopigwa na upepo.

Msomaji wenu,
Mbeya